Tuligawa majani 150 kwenye maonyesho, hakuna hata mmoja aliyejiunga na klabu: tunakosea wapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Ohio, Marekani, na mwaka wa tatu sasa niko kwenye klabu ya watu wanaopanda vayoleti za Afrika ndani ya nyumba. Tuko 11 tu, karibu wote wazee wamevuka miaka 70, na kila mwaka tunapungua. Mwaka jana tulipata meza kwenye maonyesho ya kaunti mwezi wa nane, tukapeleka vayoleti zetu zilizoshinda, tukagawa bure majani kama 150 kwenye vimfuko vya plastiki na tishu mbichi ndani. Watu walisifia, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyejiunga, na wawili niliokutana nao baadae dukani waliniambia jani lao lilioza. Wenzangu wanasema watu wa siku izi hawana subira, na haya maua ni magumu. Mwaka huu tumepewa meza tena, pamoja na siku moja maktaba, bajeti ni dola 200. Wameamua mimi ndo nisimame mbele kwa kuwa ni Mtanzania na maua yametoka kwetu, ila mi mzaliwa wa Tabora, sijawahi kuyaona porini. Nimefikiria nimwombe shemeji yangu wa Muheza anichimbie miche mitatu minne ya msituni nirudi nayo nikitoka likizo, iwe kivutio. Unanishaurije?"*

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuandika kila kitu mpaka vimfuko vya tishu, maana jibu lako liko humohumo kwenye vimfuko.

Nikikuelewa vizuri una mambo mawili yanakusumbua. Moja unaona klabu inaisha taratibu mbele ya macho yako na watu unaowapenda wanaanza kukata tamaa, pili umebebeshwa kazi ya kusema kwa niaba ya ua ambalo hulijui lilikotoka na unaogopa kuonekana huna unachokisema. Yote mawili yanatibika. Ila nianze na la wenzako kwanza, kwamba watu hawana subira, kwa sababu mkiendelea kuamini ivo mtarudia kosa lilelile mwezi wa nane na mtarudi nyumbani na huzuni ileile.

Watu wale hawakukosa subira. Majani yao yalikufa kabla subira haijahitajika.

Fikiria safari ya jani moja. Umelikata asubuhi, umelizungushia tishu iliyolowa, umelifunga kwenye plastiki. Mama mmoja kalichukua saa nne, kazunguka nalo kwenye maonyesho mpaka saa tisa likiwa kwenye mkoba, alafu kaliacha kwenye gari wakati anawapeleka watoto kuona ng'ombe. Gari lililofungwa juani mwezi wa nane, ata kama nje ni nyuzi 32 tu, ndani linapita 45 ndani ya saa moja. Vayoleti inajisikia vizuri kati ya nyuzi 18 na 27 ivi. Kwaiyo lile jani limechemshwa, yani limechemshwa kabisa ndani ya maji yake lenyewe. Akifika nyumbani bado lina rangi ya kijani hajui kama limeshakufa, analichomeka kwenye chungu kikubwa kilichokuwa na ua jingine, anamwagilia kwa upendo kila siku, na baada ya wiki mbili kikonyo kimekuwa cheusi kimelainika kama mlenda. Anajiambia mimi sina mkono wa maua. Mtu aliyejiambia ivo hawezi kuja kwenye mkutano wa klabu ya maua, ataona aibu.

Hapo ndo pa kuanzia. Mlipeleka mezani kazi ya mtaalamu mkaipa sura ya zawadi. Jani lililokatwa halina mizizi, halinywi vya kutosha, lakini linaendelea kupoteza maji kwenye hewa, kwaiyo linahitaji hewa yenye unyevu iliyofungwa na wakati huohuo pale lilipokatwa panahitaji unyevu kidogo sana pamoja na hewa, maana pakizama kwenye maji panaoza. Mtu mzoefu anafanya ivo bila kufikiri. Mgeni hawezi kulijua hilo kwa kuangalia jani kwenye tishu, na kama mliweka karatasi ya maelekezo ndani nina hakika ililowa ikararuka.

Sasa kuhusu ugumu wa haya maua. Mi nimezaliwa upande wa Muheza na kabla sijasomea mambo ya bustani nilikuwa nayaona kama majani tu ya mwambani, kwaiyo ngoja nikuonyeshe yanavyoishi, maana ukishaona hapo utaweza kumjibu mtu yeyote mezani bila kukariri. Ukipanda kuelekea Amani, kule juu milima ya Usambara Mashariki, kwenye msitu mnene, pembeni ya vijito kuna miamba mikubwa ambayo jua halifiki moja kwa moja. Juu ya jiwe kuna kigoga cha kijani, ule utando laini kama zulia, na ndani ya ule utando kuna majani yenye vinyweleo, yamelala bapa kwenye jiwe. Ukisukuma kidole pembeni ya mmea unagusa jiwe. Hakuna udongo wa maana, pengine nusu kidole cha majani yaliyooza yaliyonasa kwenye ufa. Maji yanapita, yanachuruzika taratibu, hayatuami. Na maua ni madogo, petali tano, rangi ya bluu ya zambarau iliyopauka, katikati vijifuko viwili vya njano vya chavua. Ukilinganisha na zile zenu zilizoshinda riboni unaweza usiamini kama ni ndugu.

Sheria zote za vayoleti zimeandikwa kwenye lile jiwe. Mizizi yake ni myembamba na mifupi kwa sababu haijawahi kuwa na pa kwenda, ndo maana chungu chake kinatakiwa kiwe kidogo, upana wa kama theluthi moja ya upana wa mmea wenyewe, na ukiiweka kwenye chungu kikubwa ule udongo wa ziada unabaki na maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa na ndo chanzo cha kuoza. Udongo wake uwe mwepesi, piti, yani mabaki ya mimea ya kinamasini, iliyochanganywa na perlaiti, yale mapunje meupe, maana mizizi imezoea hewa. Mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja, au taa za LED kwa muda wa masaa kumi mpaka kumi na mbili kwa siku. Unyevu wa kudumu ila sio kutuama. Ukiwa na hivyo vinne hili ua linaishi dirishani kwa mtu miaka na miaka, na hapo Marekani utasikia mezani kwako watu wengi wakikwambia mama yao alikuwa nayo dirishani jikoni. Ua gumu haliwezi kuwa kwenye jikoni la kila mama.

Na kuna imani moja utakutana nayo sana, kwamba maji yakigusa majani yanatoa madoa kwaiyo usiyaloweshe kamwe. Msituni yananyeshewa mara kwa mara. Kinacholeta madoa ni maji ya baridi kuliko jani lenyewe, yakidondokea jani lenye joto seli za chini ya ngozi zinaharibika na pale panabaki alama nyeupe au ya kahawia isiyofutika. Maji ya uvuguvugu unaweza hata kuyaosha majani, mradi uyafute pale katikati kwenye moyo wa mmea na usiyaweke juani yakiwa yamelowa. Nyingine ni jina. Sio vayoleti kweli, haihusiani na vayoleti za Ulaya, ila aliyeipa jina aliona maua yanafanana. Na wenye paka watakuuliza: haina sumu kwa paka wala mbwa. Hilo peke yake limewahi kunipatia wasikilizaji wengi kuliko historia yote.

Tuje sasa kwenye mnachotakiwa kufanya, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo moyo wa jibu langu.

Jani likipandwa vizuri linatoa mizizi kwenye wiki ya tatu ya nne. Watoto wanachungulia juu ya udongo kuanzia wiki ya nane mpaka ya kumi na mbili. Wanakuwa na ukubwa wa kutenganishwa baada ya miezi mitatu minne. Na tangu jani mpaka ua la kwanza ni kama miezi tisa mpaka mwaka. Sasa chukua kalenda. Mkipanda jani katikati ya mwezi wa nane, watoto wanakuwepo katikati ya mwezi wa kumi na moja, na ua la kwanza linafunguka karibu na maonyesho ya mwaka unaofuata. Ua lenyewe limewapangia ratiba ya klabu, nyie mlikuwa mnajaribu kumaliza kila kitu kwa siku moja.

Kwaiyo msigawe majani. Yapandeni na mgeni, palepale, kwa mikono yake.

Mnahitaji vikombe vya plastiki vya kunywea juisi, vile vinavyoonyesha ndani, viwili kwa kila mtu. Cha chini unaweka mchanganyiko wenu kina cha vidole viwili, umeshalowanishwa kabla, na kipimo cha unyevu ni kuukamua mkononi: ushikane lakini usitoe hata tone. Mgeni analikata jani mwenyewe, kikonyo kibaki sentimita mbili tatu, kwa mshazari, na kama jani ni refu akate na ncha ya juu, haina shida, inalisaidia hata kutoa watoto mapema. Analichomeka kwa kulilaza kidogo mpaka jani lenyewe liguse udongo. Alafu kikombe cha pili kinafunikwa juu, mdomo kwa mdomo, mnazungusha selotepu. Sasa ni kijumba kilichofungwa, hewa ya ndani ina unyevu wake, na mtu haruhusiwi kumwagilia. Narudia, haruhusiwi kumwagilia, na mwambieni kwa furaha kwamba kazi yake kwa miezi miwili ni kutofanya chochote, akiweke tu sehemu yenye mwanga pasipo jua la moja kwa moja, maana kijumba kilichofungwa kikipigwa na jua kinakuwa sufuria.

Juu ya kikombe andikeni kwa kalamu ya wino usiofutika: jina la ua, tarehe ya leo, na tarehe ya kujifungua. Iandikeni ivo ivo kwa lugha yao, siku ya watoto kuzaliwa. Na tarehe iyo iwe ndo tarehe ya mkutano wenu wa mwezi wa kumi na moja, maktabani, ambapo kila aliyepanda anakuja na kikombe chake na mnamfundisha kutenganisha watoto. Jani moja linaweza kutoa watoto watatu wanne hata zaidi, anaondoka na wake na mmoja anamwachia jirani yake wa mezani. Mtu haji kwenye mkutano kusikiliza hotuba ya klabu asiyoijua, anakuja kwa sababu ana kitu chake kimezaa na hajui afanye nini. Hiyo ni sababu ya kutoka nyumbani kwenye baridi.

Na lile suala la gari: vikombe visiondoke na mtu. Vibaki mezani kwenye kasha lenye kivuli, vina jina la mwenyewe, avichukue akiwa anatoka getini kwenda nyumbani. Hapo mnapata faida mbili, jani halichemki na mnaongea nae mara ya pili akiwa ameshazoea sura zenu. Mara ya kwanza nilipojaribu hili, mtoto wa kike wa kama miaka nane alirudi mara nne kuangalia kikombe chake kama kipo, kila akirudi anainama anachungulia kwa jicho moja kwenye plastiki iliyoanza kupata ukungu wa mvuke, mara ya nne akamleta bibi yake, na bibi ndo aliyejaza fomu.

Sikudanganyi, wengi hawatarudi. Nimefanya hii mara kadhaa na waliorudi siku ya kutenganisha walikuwa wachache kuliko nilivyotaka, lakini walikuja na kikombe mkononi, wana maswali, wengine wana wivu kwamba cha jirani kimetoa watano cha kwao wawili, na hao ndo wanakaa. Mkiandaa majani 50 mkayapanda vizuri ni bora mara nyingi kuliko 150 kwenye vimfuko. Ombeni namba ya simu au barua pepe kwa anayetaka tu, na mtumieni ujumbe mara tatu, sio zaidi: wiki ya nne picha ya mizizi mkisema ndani ya kikombe chako sa ivi kuna hiki hata kama huoni kitu, wiki ya tisa picha ya vijani vidogo mviringo kama masikio ya panya, na wiki moja kabla ya mkutano kumkumbusha. Ujumbe wa wiki ya nne msiuache, kwa sababu hapo ndo watu wanatupa kikombe, jani limekaa vilevile mwezi mzima wanadhani limegoma kumbe chini linafanya kazi.

Meza yenyewe sasa. Zile za riboni pelekeni mbili tu, ziwekwe nyuma. Najua wazee wataumia, zungumza nao kwa heshima, waeleze kwamba mmea uliokamilika unamwambia mgeni "hiki sio chako". Mbele wekeni jani kwenye hatua zake zote kwa mstari: la leo, la mwezi mmoja lililong'olewa na kuoshwa mizizi ionekane kwenye sahani nyeupe, la miezi miwili na nusu lenye watoto, mtoto wa miezi mitano, na mmea wa mwaka wenye ua lake la kwanza, hata kama ni ua moja limekaa upande. Hizo ndogo mnatakiwa muanze kuzipanda sasa ili zifike, kwaiyo usisubiri kikao kijacho, piga simu leo. Na mmoja uwe kwenye utambi. Unamkumbuka koroboi? Ni jambo lilelile, uzi unatoka kwenye udongo unapita tundu la chini la chungu mpaka kwenye kopo la maji, na maji yanapanda yenyewe kadri udongo unavyokauka. Uzi uwe wa nailoni au akriliki, wa pamba unaoza. Vijana wanaosafiri kikazi wakiona mmea unajinywesha wiki nzima wanasimama, hii nimeiona mara nyingi.

Watu watataka kuleta vayoleti zao zinazoumwa, na mkitangaza kwamba mnatibu bure mtapata umati. Ni wazo zuri na nalipenda, ila kliniki iwe meza ya mbali na ile ya kupandia, na anayegusa wagonjwa asiguse majani ya kugawa mpaka anawe. Vidung'ata wale weupe kama pamba wanahama, na kuna wengine wa kwenye mizizi huwaoni mpaka utoe chungu. Na ukiona majani ya katikati yamejikunja, magumu, ya kijivu, yamebanana kama ngumi, huenda ni utitiri, wadogo kiasi kwamba jicho halioni, mmea huo ufungwe kwenye mfuko palepale na usikae karibu na mingine. Hapa msibahatishe. Piga picha, na sampuli ipelekwe ofisi ya ugani ya kaunti yenu, Chuo Kikuu cha Ohio State kina ofisi za ugani huko makaunti, hao ndo mabwana na mabibi shamba wenu wa huko, wanaangalia kwa darubini na wanakupa jibu la mmea ulio mkononi, kitu ambacho mimi kwa maandishi siwezi. Muwaulize pia kuhusu kuuza miche, kama mnapanga kuuza: kugawa ni jambo moja, kuuza linaweza kuhitaji kibali cha idara ya kilimo ya jimbo, ulizeni kabla sio baada.

Kuna jingine klabu nyingi zinateleza bila kujua. Vayoleti nyingi za madukani ni za hataza, yani aliyezibuni ana haki yake kisheria, angalia lebo utaona imeandikwa, na Marekani sheria inakataza kuuzalisha mmea wa hataza kwa majani bila ruhusa ya mwenye nayo, hata kama unagawa bure. Tumieni aina za zamani au za wazalishaji wasiozifungia. Na msigawe majani ya zile zenye maua ya michirizi kama pangaboi, zinaitwa kimera: jani lake likizaa, watoto hawatoi ule mchirizi, mtu anasubiri mwaka mzima anapata ua la rangi moja na anaona mmemdanganya. Hizo zinazalishwa kwa machipukizi.

Sasa shemeji yako wa Muheza. Hapana mdogo wangu. Na sikwambii kwa ukali, najua nia yako ni njema, lakini hapana.

Kule yanakoota ni eneo dogo sana. Kuna sehemu kundi zima liko kwenye miamba michache ya kijito kimoja, ukichukua miche minne umechukua sehemu kubwa ya familia. Msitu unaotoa kivuli umekatwa sehemu nyingi, na kivuli kikiondoka jiwe linakauka na yenyewe inakwenda. Amani ni hifadhi, kuchimba mimea bila kibali ni kosa na atakayekamatwa ni shemeji, sio wewe. Na ukifika uwanja wa ndege Marekani mmea bila cheti cha afya ya mimea unachukuliwa na kuharibiwa, udongo ndo hauruhusiwi kabisa. Kwaiyo utakuwa umeua miche minne na hujapata kivutio.

Kivutio unacho tayari hapohapo Marekani. Wapenzi wa vayoleti wamekuwa wakitunza zile za asili vizazi na vizazi, zinazalishwa kwa majani na kubadilishana, ulizeni kwenye klabu kubwa za jirani na chama cha taifa, mtapata jani lake kihalali na likikua mtaliweka pembeni ya chotara lenu la riboni. Ule ulinganisho hauhitaji maneno. Na shemeji mpe kazi nyingine: aende Amani na mwongozaji wa pale, amlipe vizuri kutoka kwenye zile dola 200, asimame kwenye mwamba mmoja arekodi dakika mbili, jiwe, kigoga, maji yanavyochuruzika, na sauti ya msitu. Mkiweka ile video mezani kwenye tableti mtu wa Ohio ataelewa kwa nini chungu ni kidogo kabla hujafungua mdomo.

Na wewe kusimama mbele. Sema ukweli, kwamba kwenu Tabora halioti, na hapo ndo utamfundisha mtu kitu: kwamba Tanzania ni kubwa na ua hili lilijichagulia milima michache tu ya mashariki, Usambara na jirani zake, na upande wa Kenya milima ya Taita kule Mbololo na miamba ya Cha Simba karibu na Kaloleni, Kilifi. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga mjini na mengine juu kwenye msitu wa Usambara, akayapeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akayapa jina Saintpaulia ionantha kwa heshima ya iyo familia. Watu wa Usambara walikuwa wanayapita njiani miaka yote hiyo, hilo nalo liseme, lisikae kimya. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kiliotesha mbegu kutoka Ulaya kikachagua aina kumi, na kutoka hizo kumi ndo yakaenea majumbani Marekani, mpaka mwaka 1946 wapenzi wake wakakutana Atlanta kwa maonyesho na chama cha taifa kikazaliwa. Wataalamu mwaka 2015 wameliingiza kwenye jenasi, yani kundi la mimea ndugu, ya Streptocarpus, wazee wenu wakibishana kuhusu hilo waache wabishane, mezani halimsaidii mgeni.

Swali la mwisho nakuuliza mimi. Mnakutana lini? Kama ni Jumanne saa nne asubuhi, hata mkipanda vikombe elfu mtapata wastaafu tu, na wastaafu ni baraka ila klabu inataka na mama mwenye mtoto wa miaka nane. Mkutano wa watoto wa majani uwe Jumamosi, watoto wa watu waruhusiwe, ada ya mwaka wa kwanza isitajwe kabisa siku iyo, na ule muda wa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita mnaweza kuuweka baada ya wageni kuondoka. Hili ni gumu kuwaambia watu wazima waliokuzidi umri, kwaiyo anza na mmoja, yule ambaye mmea wake mnausifia kuliko wote. Mwombe yeye ndo akae kwenye kiti cha kupandia, mkono wake juu ya mkono wa mgeni wakati jani linakatwa. Pesa ikibaki baada ya vikombe, udongo na mwongozaji wa Amani, nunueni taa moja ya LED iwekwe maktabani pamoja na vikombe kumi vilivyopandwa siku ya maktaba, kwa ruhusa ya wenye maktaba, vikae pale miezi mitatu watu wakivipita na kuvichungulia. Ukishapata jibu la wazee niandikie, na ukinitumia picha ya mchanganyiko wenu wa udongo ukiwa umeukamua mkononi ntakwambia kama una maji mengi.